Hamsini inayotosha na hamsini isiyotosha

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, kwetu Muheza, naishi Columbus, Ohio. Usiku napanga mizigo ghalani, na tangu nifike huku podikasti za siasa ndizo zinazonifundisha Kiingereza na kunifundisha nchi yenyewe. Kuna jambo moja linanizungusha. Nasikia kila siku kwamba Warepublican wana maseneta 53 kati ya 100, lakini muswada huu haupiti, ule haupiti, kwa sababu 'hawana 60'. Haya. Mbona ule muswada mkubwa wa mwaka 2025, uliotubandika kodi kwenye pesa tunazotuma nyumbani, ulipita kwa kura 50 na ya Makamu wa Rais? Hiyo 60 ipo au haipo? Na yule mama wanayemtaja, mshauri wa kanuni, anayefuta vipengele na hakuna aliyempigia kura, ni nani? Na hiyo kodi inaweza kuondolewa?"

Marahaba, mwanangu. 60 ipo, na 50 ipo pia. Hao unaowasikiliza hawakudanganyi. Shida yao ni ya watu waliokulia nyumba moja: wanaambiana "ufunguo uko palepale", na mgeni aliyekaa sebuleni hajui palepale ni wapi. Wengi wa watangazaji hao waliwahi kufanya kazi Ikulu ya Washington au katika ofisi za maseneta. Kwao, Seneti kuwa na milango miwili, mmoja wa 60 na mmoja wa 50, ni jambo la kawaida kama mvua ya masika kwetu. Hawalielezi.

Sisi tuliokua tukisikiliza matangazo ya Bunge redioni tuna picha moja kichwani. Mbunge anachangia, kengele ya kwanza inagonga, ya pili inagonga, Spika anamwambia ahsante Mheshimiwa, muda umekwisha. Mwisho wanahojiwa, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na Spika anatangaza kwamba walioafiki wameshinda. Wingi ni wingi. Chama chenye wabunge wengi kikitaka jambo, jambo linakuwa.

Seneti ya Marekani haina kengele. Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Mwaka 1805 Aaron Burr, Makamu wa Rais aliyekuwa anaondoka madarakani, aliwashauri maseneta wasafishe kanuni zao zilizorundikana. Mwaka uliofuata wakaondoa kanuni moja ambayo hawakuwa wakiitumia sana, ile iliyoruhusu walio wengi kusema "tumeongea vya kutosha, tupige kura". Hakuna aliyekaa akapanga kwamba wachache wapewe silaha. Ilikuwa ni kufagia uwanja, na katika kufagia wakatupa ufunguo. Baadaye watu wakagundua kwamba mtu akisimama kuzungumza, hakuna njia ya kumkalisha. Mchezo huo ukaitwa filibasta, neno lenye asili ya Kiholanzi lililopitia Kihispania, na maana yake ya zamani ni haramia wa baharini. Wameliteka jahazi, ndiyo maana yake.

Mwaka 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imepamba moto, maseneta wachache walizuia muswada wa kuzipa silaha meli za biashara. Rais Woodrow Wilson akawaka. Seneti ikakubali kanuni mpya: theluthi mbili wakitaka, mjadala unafungwa. Mwaka 1975 theluthi mbili ikateremshwa hadi tatu ya tano, yaani maseneta 60. Hiyo ndiyo 60 unayoisikia usiku ghalani.

Sasa shika jambo hili vizuri, maana hata Wamarekani wenyewe hulikosea: zile 60 si za kupitisha muswada. Ni za kufunga mjadala ili kura ya kupitisha ipigwe. Muswada wenyewe ukishafikia kura ya mwisho unapita kwa wingi wa kawaida. Ila kama mjadala haufungwi, kura ya mwisho haiji kamwe. Mfano unaoniuma hadi leo ni wa tarehe 18 Desemba 2010. Kulikuwa na muswada wa kuwapa njia ya ukaazi halali vijana walioingizwa Marekani wakiwa watoto bila vibali. Baraza la Wawakilishi, yaani nyumba ya pili ya Bunge lao, lilikuwa limeshaupitisha. Seneti ikapiga kura ya kufunga mjadala: 55 wakasema ndiyo, 41 wakasema hapana. Walioafiki hawakushinda. Muswada ukafia hapo, kwa kura 55 dhidi ya 41, na waliokuwa vijana wakati ule sasa wana watoto wanaokwenda shule.

Zamani kuzuia kulikuwa na gharama. Agosti 1957 Seneta Strom Thurmond wa South Carolina alisimama saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za kiraia. Tunaweza kumlaumu kwa alichokipigania, na mimi namlaumu, lakini miguu yake iliuma. Siku hizi huhitaji koo wala miguu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Seneti ilianza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja: muswada unaozuiwa unawekwa kando, kazi nyingine zinaendelea. Nia ilikuwa njema, shughuli zisikwame. Matokeo yake, ofisi ya seneta inapeleka ujumbe tu kwa viongozi kwamba inapinga, na tangu hapo muswada unahesabiwa kuwa unahitaji 60. Hakuna hotuba, hakuna jasho. Kwa hiyo ukisikia kwenye podikasti kwamba muswada fulani "umefilibastwa", usifikirie mzee aliyesimama usiku kucha. Fikiria baruapepe. Yule Seneta Cory Booker aliyezungumza saa 25 na dakika 5 kuanzia 31 Machi 2025 akavunja rekodi ya Thurmond hakuwa anazuia muswada wowote. Alikuwa anapinga serikali kwa mdomo, basi.

Huo ni mlango wa kwanza. Wa pili ndio uliopitisha kodi yako.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya namna ya kupanga bajeti, na ndani yake wakaweka njia ya mkato ambayo kwa lugha yao inaitwa upatanisho. Usitafute patano lolote humo, maana vyama havipatani. Linalopatanishwa ni sheria za kodi na matumizi, ziende sawa na malengo ya bajeti waliyojiwekea. Muhimu ni kwamba muswada wa upatanisho unapewa muda wa mjadala wenye kikomo, saa 20 tu Seneti. Mjadala ukiwa na kikomo kwenye sheria yenyewe, hakuna haja ya kura 60 za kuufunga. Wingi wa kawaida unatosha, na 50 kwa 50 Makamu wa Rais anakata.

Ukiujua mlango huu, historia ya miaka ya karibuni inasomeka kama barua. Punguzo la kodi la Trump mwaka 2017: lilipitia humo. Mpango wa Biden wa kufufua uchumi baada ya korona mwaka 2021, dola trilioni 1.9: humo. Sheria yake ya tabianchi na dawa ya Agosti 2022, 51 kwa 50, Kamala Harris akikata: humo. Na ule muswada wa 2025, maseneta watatu wa Republican, Thom Tillis, Rand Paul na Susan Collins, waliukataa, zikabaki 50 kwa 50, J.D. Vance akakata, Trump akausaini tarehe 4 Julai. Vyama vyote viwili vinalalamika juu ya mlango huu vikiwa nje na kuusifu vikiwa ndani.

Lakini usidhani kila kitu kinapita hapo. Mlangoni kuna bawabu, na ndiye yule mama.

Seneta Robert Byrd wa West Virginia, mzee aliyezijua kanuni kuliko aliyeziandika, aliona watu wanaanza kupakia kila mzigo kwenye gari la upatanisho kwa sababu halisimamishwi njiani. Mwaka 1985 akaweka masharti yanayoitwa kwa jina lake. Kwa ufupi, kipengele lazima kiguse pesa ya serikali, na pesa hiyo iwe ndiyo shabaha yake, isiwe imechorwa juujuu kufunika sera. Kisiongeze nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, nje ya kipindi cha bajeti, ambacho kwa kawaida ni miaka 10. Kisiiguse Hifadhi ya Jamii. Kipengele kinachokosea kinafutwa, isipokuwa maseneta 60 wakisema kibaki. Ukaguzi huo kwa utani wanauita kumwogesha Byrd, na kwa kuwa jina hilo likitamkwa linasikika kama neno lao la ndege, mzaha wao ni kwamba ni bafu la ndege. Utalisikia sana, na sasa unaweza kucheka nao.

Anayeogesha ni mshauri wa kanuni wa Seneti. Tangu 2012 ni Elizabeth MacDonough, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Ni mwanasheria mwajiriwa, si mwanasiasa, na pande zote mbili zinakwenda kujieleza mbele yake faraghani kabla muswada haujafika ukumbini. Mwaka 2021 Wademokrat walitaka kuingiza kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa. Akasema hapana, hiyo ni sera ya ajira, athari yake kwenye bajeti ni ya pembeni. Mwaka huohuo wakajaribu kuingiza njia ya ukaazi kwa wahamiaji, mara tatu kwa maumbo matatu. Hapana, hapana, hapana. Nilisikia podikasti za mrengo wa kushoto wakati ule zikimwita kikwazo cha demokrasia. Mwaka 2025 akafuta vipengele vya Warepublican, na podikasti za mrengo wa kulia zikatumia maneno yaleyale. Mimi hiyo inanipa imani naye kuliko wasifu wowote.

Mfano mmoja wa 2025 unatosha kukuonyesha jicho lake. Tangu 1934 vizuia sauti vya bunduki vilikuwa na mambo mawili: kodi ya dola 200 na usajili serikalini. Warepublican walitaka kuondoa vyote viwili. Kodi ni pesa, ikapita, ikashushwa hadi sifuri. Usajili si pesa, ukakataliwa. Kitu kimoja, sheria moja, kikakatwa katikati kama muhogo. Hata jina la muswada, lile la "mkubwa na mzuri", lilifutwa dakika za mwisho baada ya Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat Seneti, kuweka pingamizi kwamba jina haliingizi wala kutoa senti. Watu wote wanaendelea kulitumia, na mimi pia, lakini katika maandishi ya sheria halimo.

Sasa swali lako la kwamba hakuna aliyempigia kura. Kweli hakuna. Lakini yeye anashauri tu. Anayetoa uamuzi ni anayekalia kiti cha kuongoza kikao, na maseneta wakitaka wanaweza kumpuuza au kumfukuza. Mwaka 2001 viongozi wa Republican walimwondoa aliyekuwa katika nafasi hiyo, Robert Dove, baada ya kuchukizwa na maamuzi yake ya bajeti. Kwa hiyo ukisikia seneta akisema "ningependa sana, lakini mshauri amekataa", msikilize kwa sikio la pili. Mara nyingine kweli amezuiwa. Mara nyingine amepata mtu wa kumsingizia, kama mjomba anayesema hana neno na posa, ila shangazi ndiye mgumu.

Kuna matokeo ya mpango huu ambayo podikasti huyagusa vipandevipande, na ningependa uyaone kwa pamoja. Kwa kuwa kipengele hakiruhusiwi kuongeza nakisi nje ya miaka 10, watunga sheria huzipa sheria zao tarehe ya kufa. Punguzo la kodi la 2017 kwa watu binafsi liliandikwa likome mwisho wa 2025, na ndiyo maana 2025 walikuwa na haraka ile. Ruzuku za bima ya afya zilizoongezwa na Wademokrat mwaka 2021, kisha zikasogezwa mbele 2022, nazo ziliandikwa zikome mwisho wa 2025. Wademokrat wakataka zirefushwe. Hawakuwa na wingi. Walikuwa na nini? Walikuwa na mlango wa 60.

Maana miswada ya matumizi ya kila mwaka, ile inayolipa mishahara ya walinzi wa viwanja vya ndege na wakaguzi wa nyama, haipiti kwenye upatanisho. Inahitaji 60. Mwaka wa fedha unaanza 1 Oktoba. Tarehe hiyo mwaka 2025 serikali ilifungwa kwa siku 43, muda mrefu kuliko wowote hadi wakati ule, na wewe uliyekuwa Ohio unajua misaada ya chakula ya Novemba ilivyokwama. Seneti ilipiga kura tena na tena, Warepublican wengi, hawafiki 60. Trump aliwataka waivunje kabisa kanuni ya 60. Kiongozi wao John Thune hakukubali. Tarehe 9 Novemba wanane kutoka upande wa Wademokrat walivuka, kura zikawa 60 kwa 40, kamili bila chenji. Ruzuku hawakuzipata.

Kwetu hilo lingeonekana kituko. Katiba ya Tanzania inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali, na hakuna mbunge anayependa kurudi jimboni kabla ya wakati. Marekani Rais hawezi kulivunja Bunge, Bunge haliwezi kumfukuza Rais kwa kukosa imani naye, na tarehe za uchaguzi hazisogei. Wanabaki wanatazamana.

Kwa nini hawaiondoi tu hiyo 60? Wameshaimega. Novemba 2013 Wademokrat chini ya Harry Reid waliiondoa kwa wateule wa serikali na majaji wa mahakama za chini. Aprili 2017 Warepublican chini ya Mitch McConnell wakaiondoa kwa Mahakama ya Juu, ili Neil Gorsuch apite. Ndiyo sababu jaji wa kukaa maisha yake yote anahitaji kura chache kuliko muswada wa kawaida wa uhamiaji. Januari 2022 Wademokrat walijaribu kuilegeza kwa sheria za uchaguzi, wawili wao, Joe Manchin na Kyrsten Sinema, wakakataa. Kila chama kinajua kuna siku kitakuwa wachache. Hoja yangu binafsi ni kwamba kanuni hii imepitwa. Inamfanya mpiga kura asijue nani alaumiwe, na imewasukuma marais kutawala kwa amri za kusaini mezani, ambazo anayefuata anazifuta siku ya kwanza. Lakini nakubali kwamba kwa mhamiaji kama wewe, ukuta huohuo uliowazuia vijana wa 2010 umezuia pia miswada ambayo usingeipenda.

Kuna kidirisha kingine kinachokugusa. Sheria ileile ya 1974 inamruhusu Rais kuomba pesa zilizokwisha kupitishwa zifutwe, na Bunge likijibu ndani ya siku 45, wingi wa kawaida unatosha. Julai 2025 walifuta hivyo dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa UKIMWI ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003 ambao zahanati zetu nyingi zimeutegemea, zilikuwa kwenye orodha, zikatolewa Seneti ilipokataa kupitisha bila hivyo. Kupitisha ilihitaji 60. Kufuta, 51 kwa 48 ilitosha.

Kwa hiyo usiku wa leo, mtangazaji akisema jambo "limepita", subiri usikie limepita wapi. Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa 220 kwa 208 muswada wa kudai uthibitisho wa uraia kwa kujiandikisha kupiga kura. Kelele zilikuwa nyingi, lakini ni mambo ya uchaguzi, si pesa. Mlango wake ni wa 60, na ulipofika Seneti ulikwama. Baraza hilo hupitisha mengi ya namna hiyo kwa ajili ya kamera.

Nimalizie na kodi yako. Muswada ulipoanza ulitaka asilimia 5 kwa wasio raia. Ulipotoka Baraza la Wawakilishi ulikuwa 3.5. Ulipotoka Seneti ulikuwa asilimia 1, na haubagui raia na asiye raia. Inatozwa tangu 1 Januari 2026 kwa anayetuma kwa pesa taslimu, hundi ya benki au hawala ya kununua dukani. Ukimtumia mama dola 200 taslimu unalipa dola 2 juu yake. Ukituma kutoka akaunti ya benki, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, kodi hiyo haikugusi. Kwa hiyo kabla ya kusubiri Bunge, achana na dirisha la taslimu.

Na je, inaweza kuondolewa? Inaweza, na bila 60. Iliingia kwa mlango wa 50 kwa sababu ni kodi, na kwa sababu hiyohiyo inaweza kutokea mlango huohuo, siku watakapopatikana 50 wanaojali pesa ya Muheza.